Si Uraka

Msimu wa mabibo Kitangari yote inanuka uchachu,
na mtu akiyumba njiani, hakuna anayeuliza.

Mfaume aliyumba.
Kaka yangu, ambaye hata togwa huionja kwa ncha ya ulimi,
alishika ukuta wa mashine ya kusaga, unga ukamwagika,
na Bi Chikumba akasema, ili asikike:
"Kifafa, kifua kikuu, na sasa uraka."

Nilinyamaza.
Usiku nikamnusa akiwa amelala.
Muhogo tu, na dawa.

Asubuhi nikayaona macho:
yanavutwa pembeni, yanaruka kurudi,
yanavutwa tena,
kama sindano ya cherehani iliyokosa kitambaa.

Tabibu Nachundu hakunusa mtu.
Alisimamisha kidole: "Kifuate."
Akafunua mdomo, akatazama fizi zilizopanda juu ya meno.
"Hizi ni za miaka. Kuyumba ni kwa juzi.
Mmeongeza nini?"

Nikamwaga mfuko mezani.
Fenitoini, vitatu kwa siku, mwaka wa tisa.
Na zile za kifua, tangu mwezi jana,
za dirisha jingine, mhudumu mwingine,
wala dirisha halikuuliza habari za dirisha.

"Ini," akasema, "ni karani wa ghala la korosho.
Kila siku humgongea fenitoini mhuri wa kutoka.
Isoniazidi imekuja, imemshika mkono.
Magunia ya leo yanayakuta ya jana mlangoni."

"Basi nivitupe?"
"Ukivitupa leo, kesho atakuangukia motoni."

Akapunguza kimoja. Za kifua hakuzigusa.
Damu ilipelekwa Ndanda; majibu yaliporudi
miguu ilikuwa imeshajibu.

Wiki ya tatu Mfaume alikwenda mashineni, akarudi na unga wote.
Bi Chikumba alimsalimu njiani.
Hakuitikia.
Hapo nikajua amepona kabisa.

Lakini bado nahesabu.
Miezi minne, dawa za kifua zitaisha,
karani ataachiwa mkono,
mhuri utagonga kwa kasi ya zamani,
na viwili havitatosha.
Nimeandika kwa mkaa ukutani, juu ya ndoo ya maji:
MACHI. TURUDI KWA NACHUNDU.

Jana nimekuta chini yake mstari mwingine,
herufi zimenyooka, hakuna hata moja inayopepesuka:
*Na chumvi imeisha.*