Mji wa Kadiri Yangu

Kutoka kwangu hadi hospitali ni dakika tisa kwa baiskeli,
kumi na moja kukiwa na theluji.
Ila daktari wangu wa moyo huja Alhamisi tu,
kwa treni ya asubuhi kutoka Ljubljana.
Basi moyo nimeufunza adabu:
ukitaka kunisumbua, subiri Alhamisi.

Kodi ya hapa hainitoi jasho.
Nina roshani, nina miche mitatu ya nyanya kwenye ndoo,
na mto Drava nauona ukinikunjia kona
bila kulipia mandhari.
Tamthilia mpya hutufikia zimeshachakaa magoti.
Tunapiga makofi vilevile.

Lakini bwawa la kuogelea ni moja.
Nilipoachana na Zvonko tuligawana hata vijiko,
bwawa halikugawanyika.
Yeye Jumanne, mimi Jumanne, na Metka wake
mwenye kofia ya mpira ya kijani,
sote watatu tunakata maji kimyakimya
kama samaki wa bakuli moja.

Mwokaji akaniuliza, "Leo nusu mkate?"
Nami nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwanangu Gašper yuko Vienna. Huko, anasema,
unaweza kulia ndani ya tramu na asigeuke mtu.
Analisema kama sifa.
Majuzi nililia kwenye basi namba sita.
Dereva nilimfundisha hesabu, hakujua kugawanya kamwe.
Akapitiliza kituo changu makusudi,
akanizungusha mji mzima,
dakika thelathini na tano,
akanishusha mlangoni.

Mji mzima.
Ulikwisha kabla ya machozi.