Akiba Huoza

Chini ya ngazi, pale tulipokuwa tukiweka makoleo ya theluji,
ndipo inapokaa seva yetu: sanduku jeusi,
feni yake inakoroma kama mwenye pumu.
Ndani mna vinywa elfu tatu na ushei vya watu wa Daugavpils,
taya zilizopigwa picha kila upande,
magego, mapengo, meno ya mbele ya padri,
na daraja la dhahabu la bibi Broņislava
aliyekufa majira ya kuchipua.
Faili lake hakuna aliyethubutu kulifuta.

Sisi ni wanne, tunachonga meno ya bandia.
Vitabu vya hesabu ni vyangu.

Januari bomba lilipasuka ghorofani kwa Arvīds mpiga chapa.
Nakala alikuwa nayo, masikini, hakuwa mzembe:
aliiweka juu ya seva yenyewe.
Mama na mwana wakalowa pamoja.
Nilimwona barazani akikausha diski kwa mashine ya nywele,
na asiyejua kuomba
siku ile alinyamaza kama anayeomba.

Kesho yake Vizma akaniita, nta ingali vidoleni.
"Ilga, tafuta njia. Iwe nafuu. Sikusema rahisi."

Nikalibeba neno lile hadi nyumbani.
Mgonjwa hupata nafuu, bei nayo huwa nafuu;
rahisi ndiyo ile ivunjayo upishi.

Muuza kanda wa Riga alinisifia kanda zake:
zitadumu miaka thelathini, zitatuzika sote.
Nikauliza bei ya mashine ya kuzisomea.
Ilikuwa bei ya tanuri letu la kauri.
Nikamshukuru, nikakata simu.

Wingu, basi. Wingu kwa mwezi ni bei ya mikate mitatu.
Lakini uzi wetu wa mtandao ni mwembamba;
taya zote zingepanda kwa siku kumi na tisa,
na kwenye maandishi madogo, ukurasa wa mwisho, nikasoma:
kupanda bure, kushuka kwa nauli.
Nikaliachia wingu ankara tu na kazi za wiki.
Hizo ni nyepesi, zipande.

Vinywa vikaenda kwenye diski mbili.
Moja niliipaka rangi ya kucha, nyekundu, nyingine nikaiacha.
Kila Ijumaa zinabadilishana zamu:
moja dukani, moja kwa kaka yangu Ojārs, ng'ambo ya mto,
kwenye ghala la chini, kati ya mitungi ya viazisukari vyekundu.
Zimefungwa kwa nywila; Ojārs haijui, wala hana haja.
Naipakata ndani ya koti kwenye tramu,
nje nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
kama anayeiba kifaranga.

Akiba haiozi, husemwa.
Nami niliamini kwa wiki sita.

Jumapili moja, mvua ya theluji, sina la kufanya,
nikachukua kompyuta kuukuu nikasema nijaribu kurudisha.
Nikafungua ile nyekundu.
Tupu.
Nikafungua nyingine. Majina ya folda yamejipanga vizuri,
ndani hamna hata jino.
Nilikuwa nimeielekeza programu kwenye folda ya zamani,
nayo kwa utiifu ikanakili utupu,
kila usiku, saa nane, bila kukosa.
Wiki sita nilipakata upepo kifuani.

Sikumwambia mtu hadi Jumanne.
Nilirekebisha, nikangoja usiku upite, nikarudisha tena,
na wa kwanza kujitokeza kwenye kioo alikuwa Broņislava,
daraja lake linang'aa, taya limefumba,
hana habari na lolote.

Sasa kila mwisho wa mwezi namfufua mmoja, yeyote,
nikimwona yupo mzima, namrudisha alale.

Vizma aliuliza jumla. Nikataja: diski, wingu, nauli ya tramu,
na aibu yangu, ambayo sikuiandikia risiti.
Akatazama karatasi muda mrefu. Hakusifu.
"Ijumaa," akasema, "usisahau mitungi mitupu ya kaka yako."