Jedwali la Editha

Mwalimu amewapa kazi ya nyumbani:
Linganisha matumizi ya nishati katika nchi mbili.
Editha amechora jedwali kwa rula iliyovunjika ncha,
safu hii Tanzania, safu ile Burundi,
kisha akanigeukia: Mama, mpigie mama mkubwa.

Bukuru ni pacha wangu. Alinitangulia duniani kwa robo saa
na hajaacha kunikumbusha.
Aliolewa Rumonge, mimi nikabaki hapa Katubuka;
ziwa ni lile lile, linatuosha wote miguu.

Andika, nikasema: kwetu umeme ulikuwa na sauti.
Ulikuwa dizeli. Ilikuja kwa treni, behewa nyuma ya behewa,
ikipita Tabora, ikipita Uvinza,
ije ichomwe hapa usiku kucha,
na mngurumo wake tukaulalia kama mkeka.
Siku gridi ilipofika wakazima majenereta,
mtaa mzima uliamka saa nane za usiku.
Kimya ndicho kilichotuamsha.

"Hiyo siwezi kuiandika. Mwalimu anataka kilowati."

Kilowati? Mimi napima kwa barafu.
Tokeni ya elfu tano, tarakimu ishirini nazibonyeza
kwa kidole chenye ubaridi,
inagandisha vifuko mia na kitu vya ubuyu.
Umeme ukikatika kutwa nzima
napima kwa maji mekundu yanayochuruzika
kutoka chini ya friza hadi kizingitini.

Bukuru kapokea. Kicheko kwanza, kisha habari za magoti yake.
Kwao ni maji, anasema, maji ya milimani yanayoangushwa,
na waya unapita juu kabisa ya migomba yake.
Lakini kupita si kuingia.
"Mtu akikupungia mkono barabarani,
utasema alilala kwako?"
Editha akaandika: maji. Akafuta. Akaandika: maji, yanapita.

Dagaa unakausha kwa nini?
Kwa jua.
Mawese unachemsha kwa nini?
Kuni, wewe, umesahau moshi wa mama?
Simu?
Kwa kijana wa Nzeyimana, ana kibao cha jua juu ya bati,
mawingu yakitanda anaongeza bei.
Petroli je?
Hapo alicheka kile kicheko kikavu
cha mtu aliyelala foleni na dumu
akaamka na dumu lile lile.

Na mimi mwenye mita ukutani, mwenye friza, mwenye gridi?
Maharage yangu yako juu ya mkaa tangu saa tisa.
Gunia lilishuka juzi kutoka njia ya Kasulu,
limefumwa mdomo kwa majani mabichi
ya msitu ule ule uliochomwa.
Editha akatazama jiko, akatazama jedwali,
akaandika mkaa safu zote mbili
kwa herufi ndogo, kama anayefuta mguu mlangoni.

"Na Malagarasi niuweke wapi?"

Maana mto huo unazaliwa vilima vya kwao,
unatembea mpakani kama mlevi aliyesahau nyumba yake,
unaingia kwetu, unazunguka weee, unakunywa matope ya Uvinza,
ndipo unaporomoka Igamba kuelekea ziwani,
na hapo Igamba, tunaambiwa, ndipo utakapotuwashia taa.
Bukuru akapaza sauti hadi simu ikakwaruza:
"Hayo maji ni yetu! Sisi ndio tuliowatumia!"
Nikamwambia: yamelala kwetu, yamekula kwetu,
yanakijua Kiha cha huku kukuzidi wewe,
yameshakuwa raia.
"Basi walipeni mahari!"

Tungali tunaugombea mto, simu ikakata.
Halo? Bukuru? Halo?

Chaji yake, au mtandao wetu, nani ajuaye.
Editha kashika kalamu juu ya mstari wa mwisho,
anangoja nimwambie
giza aliandike safu ipi.