Hodhi la Tatu

Mvua ya Eibar haina adabu.
Imeingia bondeni tangu Jumatatu bila kubisha hodi,
na kila msumari uliosahaulika nje
umeshaota wekundu.
Ndiyo inayotulisha.

Dawa ya moto ni moto, na ya kutu ni kutu:
sisi tunaipika nyeusi
ili ile nyekundu ikija
ikute kiti kina mwenyewe.

Watu hudhani tunapaka rangi.
Hatupaki kitu. Bolti huingia na unene wake
na hutoka na unene uleule.
Ni ngozi yake tu iliyobadili mawazo.

Sabuni kwanza, maana alama ya kidole haisamehi.
Maji. Tindikali. Maji tena.
Kisha hodhi la tatu, magadi na chumvi,
nyuzi mia moja arobaini na moja,
yakinung'unika kama mtu anayedaiwa usingizini.
Usiyatilie maji kwa pupa.
Muulize Jokin, anayevaa mikono mirefu hata Agosti.

Chuma cha kawaida hukubali upesi.
Kile kisichoshika kutu
kina kiburi cha aliyezaliwa msafi.

Alhamisi vililetwa vibanio themanini na kimoja,
kimoja cha majaribio, kutoka hospitali ya Bilbao:
madaktari wa macho hawataki mng'ao chini ya taa.
Nilivitoa kwenye tindikali, nikavituliza mezani;
dereva alikuwa ananisimulia harusi ya dada yake.
Vikatoka hodhini rangi ya ini.

Nilingoja kufokewa.
Garbiñe alikigeuza kimoja dirishani.
"Hakijakataa," akasema. "Hakijaulizwa vizuri."

Kumbe hewa hukivika koti lisiloonekana,
na muda wa salamu tu unatosha.

Tukavivua, tukaanza upya.
Safari hii nilikimbiza kikapu kikichuruzika,
hatua nne, bila neno,
pua ya kikapuni na pua ya usoni
zikiwashwa na mvuke mmoja.
Weusi ulianzia nchani,
ukasita,
ukapanda.

Mafuta, karatasi, sanduku. Themanini.

Kile cha majaribio Garbiñe alikibakiza na ini lake.
Saa ya chakula hukitumia kuchomoa miiba ya samaki,
mmoja mmoja,
huku akinitazama mimi.