Sekunde Nne za Mahindi

Machi, Chicago. Upepo wa ziwani ni wembe.
Ottilie Brandvold, mkaguzi wa serikali,
amevua koti, amevua saa,
na simu yake mlinzi ameifungia kisandukuni,
akamwandikia risiti kama ya kiatu kwa fundi.

Miezi kumi na minne aliomba.
Wakili Delacourt alijibu kwa adabu:
Vitabu vyetu, chukua. Barua zetu, chukua.
Msimbo si daftari la hesabu, mama.
Msimbo ni mali, mali ina mlango,
na mlango una sheria. Lete hati ya wito.
Hati ikataka kura ya makamishna,
kura ikataka akidi,
akidi ikamngoja mtu aliyekuwa likizoni Ureno.

Ukweli usemwe, Ottilie hakumchukia.
Mwaka juzi ofisi yake mwenyewe
ilisahau siri za watu ndani ya teksi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Leo kata imepewa saa tatu,
chumba bila dirisha, kompyuta bila mtandao,
penseli moja, karatasi kumi na mbili za manjano.

Anatafuta sekunde nne za Agosti,
bei ya mahindi ilipoporomoka kama lifti iliyokatika kamba,
ikapanda tena kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.
Kama, la sivyo, rudia.
Kama, la sivyo, rudia.
Kahawa imepoa. Kama, la sivyo,
na hapo, mstari wa elfu arobaini na moja,
sauti ya binadamu, fundi aliyekwisha hama zamani:
*Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi.*

Anasoma mara mbili.
Ng'ambo ya meza Delacourt anakagua kucha zake,
analinda, kwa malipo ya saa,
asichokijua yeye wala waliomtuma.

Mlangoni mlinzi anahesabu:
karatasi kumi na mbili, sawa.
Penseli moja, sawa.
Kichwa hakukipekua; kichwa kimeshasaini
fomu tatu za kunyamaza.

Mezani kwake inamngoja barua ya Anders Kvale,
mkulima wa Iowa, mwandiko wa kalamu nzito:
*Zile sekunde zilimeza shamba la chini, lile la kando ya kijito.
Niambieni tu, nani alinisukuma?*

Ottilie anaandika: Hakuna
Anafuta.
Anaandika: Hata wao
Anafuta.
Nje theluji imegeuka mvua.
Anaandika: *Uchunguzi unaendelea,*
anagonga muhuri, na muhuri unatoka umepinda.