Handaki

Jumamosi, saa mbili usiku, Kapchorwa.
Ukungu umeshuka hadi kizingiti cha jiko
na modemu nimeipandisha juu ya kabati
ielekee bondeni, Mbale iliko.
Watu kumi na mmoja wanangoja mishahara.
Daftari la mishahara limo ndani ya seva,
seva imo stoo, nyuma ya magunia ya saruji,
na njia ya kuifikia ni moja, VPN,
ambayo mimi huiita handaki.

Handaki limekataa.

Nimezima, nimewasha.
Nimebadili laini, nimenunua bando jingine.
Nimeandika neno la siri polepole, kidole kimoja,
kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.
Jibu ni lile lile: muunganisho umeshindikana.
Halisemi nani kakosa.

Nikampigia mlinzi, Wepukhulu.
Yeye Mgisu, mimi Msabiny,
tunakutana kwenye Kiswahili alichotoka nacho kambini
na hiki changu cha mpakani Suam, cha soko la mahindi.
"Afande, handaki limeziba."
Kimya. Kisha:
"Kwa udongo au kwa maji?"

Nikamweleza. Akaingia stoo na tochi.
Taa za ruta? "Tatu kijani, moja inakonyeza."
Waya wa bluu? "Umeshika. Nimeuvuta, ukanivuta."
Umeme? "Ulipotea tangu Alhamisi, umerudi leo mchana,
na sanduku lako likaamka likivuma kama mzinga."
Washa kioo, nisomee.
Kizungu hakijui, akaniletea herufi moja moja
kama anayehesabu misumari kwenye kiganja,
mpaka nikaona sentensi imekaa mbele yangu:
cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

Bado?
Nilikitengeneza mwenyewe mwaka juzi.

"Afande, kona ya chini kuna saa. Inasemaje?"
"Saa tisa na robo."
"Na tarehe?"
Akapumua ndani ya simu.
"Moja, mwezi wa kwanza, elfu mbili na tisa."

Hapo ndipo iliponielea.
Kuna betri humo ndani, duara, kama sarafu ya shilingi mia,
inayoishikia seva wakati pale umeme unapoondoka.
Imekufa.
Seva ikaamka gizani ikajikuta
mwaka ambao mimi niko darasa la tano, sina viatu,
na Mama Khainza yu hai, yuko kaunta,
anatoa mabati kwa mkopo
akiandika madeni nyuma ya kalenda.
Nami nabisha hodi na cheti cha kesho kutwa.
Ilifanya sawa kunikataa.

"Ningekuwa mimi zamu," Wepukhulu akasema,
"ningefyatua."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
kama mama yumo humo ndani ya sanduku.
Nikasema hapana. Nikasema, labda, kwa saa hiyo tu.
"Basi tuiache kidogo."
Tukaiacha.
Muda wa maongezi ukaliwa bure;
kwake feni ikivuma, kwangu mvua ikianza kwenye bati,
bati alilonikopesha yeye marehemu,
ambalo sikumaliza kulilipa.

Halafu nikamwongoza: bonyeza hapo, andika mwaka.
Siyo huo, afande. Huu wetu.
Akaandika.
Miaka yote ikapita kwa pigo moja la kidole,
mama akafa tena, safari hii bila matanga,
na kwenye kompyuta yangu alama ikageuka kijani.

Nikaingia. Nikalipa kumi na mmoja,
Wepukhulu akiwa wa nane.
Jumatatu nitashuka na betri mfukoni;
umeme ukiondoka kabla ya hapo, tutaanza upya.

Simu ikakatika kabla sijamuaga.
Baadaye ukaja ujumbe:
Nimefunga stoo. Na saa yangu ya mkono
nayo iko nyuma. Ukija usiiguse.