Tumbo Nyuma ya Jiko

Umekula leo?
Ndoo mbili za mavi ya punda, ndoo mbili za maji ya kisima,
maganda ya ndizi kutoka kwa Mwanamkuu, machicha ya nazi,
wali wa juzi uliochacha.
Ukoko nimekunyima. Ukoko ni wangu.
Nakukoroga kwa ufito, mkono ule ule wa kusonga sima,
nawe huko chini gizani, tumbo la saruji,
unacheua bila meno.

Fundi Bwanaheri alipochimba ua wangu
Matondoni nzima ilipita kuchungulia.
Wengine walidhani choo. Mmoja aliuliza nani kafa.
Nikasema: ni jiko.
Walicheka hata fundi mwenyewe akaweka chini mwiko wake.

Siku ishirini na tatu nililisha kitu kisichosema ahsante.
Kila jioni nafungua koki, nawasha kiberiti,
najibiwa na upepo.
Ya ishirini na nne, kabla ya adhana,
kiberiti hakijafika, puu!
Ua la buluu likachanua juu ya chuma,
halina moshi, halina kishindo.
Mimi niliyelizwa miaka kumi na tisa na kuni mbichi za mkandaa
siku hiyo nikalia, na moshi haukuwepo wa kusingiziwa.

Mavyaa, Bi Zena, alikisukuma kikombe kwa kidole kimoja.
"Chai ya mavi."
Nikamwambia, Mama, na mchicha unaoupenda,
unadhani unakunywa marashi?
Akalitengeneza shungi lake, hana haraka.
"Mchicha nauosha," akasema.
Hapo nikakwama.
Moto hauoshwi.

Kisha msimu wa maembe, na harusi ya kina Shee juu yake.
Watu wakanigeukia, wema umewajaa ghafla:
karai la maganda, karai la ndimu zilizokamuliwa,
pilau iliyobaki, achari iliyomwagika,
chukua Somoe, chukua, mpe mtoto wako ale.
Nami nikakupa. Nani humnyima mtoto siku ya harusi?
Ukavimbiwa.
Ukanuka mayai viza mpaka msikitini.
Ua likapauka, likapepesuka mara mbili, likafa
na maharage yangu bado magumu kama kokoto.

Nikarudi kwenye mafiga.
Mavyaa aliketi kibarazani akiutazama moshi wangu
kama mtu anayetazama jamaa aliyerejea kutoka safari.
"Usiache mbachao," alisema, akaishia hapo.
Kilichobaki alijua nakijua.

Mgonjwa wa tumbo halishwi, hungojewa.
Nilikufunga mdomo wiki nzima.
Nilikunywesha maji, na jivu,
jivu la kuni zile zile nilizoapa kutozigusa,
kijiko baada ya kijiko kama dawa ya kienyeji.
Kibarua, punda wetu mwenye kovu la tandiko,
alishusha mawe ya watu, akasimama mlangoni,
akaniachia mchango wake wa moto moto.
Nilimpigia saluti. Hakujali.

Siku ya kumi na moja nikasikia mpira wa gesi
ukijinyoosha, taratibu, kama mtu anayeamka.
Sikuita mtu. Nilipika maharage peke yangu
nikayala yote.

Tope unalotoa nalipeleka kwenye migomba.
Migomba inanipa ndizi, ndizi zinanipa maganda,
maganda unajua yanakokwenda.
Sina la kuongeza hapo.

Ila hili.
Mavyaa hajainywa chai yangu hadi leo,
naye akija hukaa upande wa ua ambao wewe haupo.
Lakini alfajiri nikifungua mlango
nalikuta bakuli lake la bati kizingitini:
maganda ya viazi, matumbo ya samaki, majani ya chai.
Ndimu, hata moja.
Sikumwambia mimi. Kajua mwenyewe.
Na juu yake kalifunika kwa kawa,
ile ya rangi, ya kumfunikia mgeni chakula.